Mjukuu wangu alinichora supahiro anayeruka usiku, ndizi zangu zikakosa mnunuzi kanisani

Wakuu, habari za humu. Mlio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, tuendelee.

Ni ule mwaka sukari ilipotea madukani, huku mlimani Meru tukawa tunakunywa chai kwa ndizi mbivu. Unang'ata ndizi, unapiga funda. Anayekumbuka anakumbuka.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinisahihishe herufi, someni maneno.

Nina mjukuu, Upendo. Anakaa Moshono, anachora kwa kompyuta. Nimemlea mimi, na anachora kuliko watoto wenu wote. Hilo halina mjadala.

Akaniletea kitabu cha katuni alichochora, kampuni moja ya mjini imekichapisha. Supahiro wake anaitwa Bibi Ngurumo. Kufungua, sura ni yangu. Pengo langu, kilemba changu, hata kidevu. Khanga imefungwa shingoni, inapepea nyuma kama shuka lililosahaulika kwenye kamba.

Hadithi zenyewe fupi mno. Ukurasa mmoja, visanduku vinne, imekwisha.

Kisanduku cha kwanza ng'ombe anasombwa na maji. Cha pili Bibi Ngurumo yuko angani. Cha tatu kamnyanyua ng'ombe. Cha nne kaondoka. Ukurasa wa pili daraja, wa tatu mtoto. Anaokoa watu wote hao na hakuna hata mmoja aliyemkaribisha chai. Anaingia kwa watu bila hodi. Nilimuuliza Upendo huyu bibi amelelewa na nani.

Lakini kichwa kilivimba, nisiwadanganye. Jumapili nikaenda nacho kanisani.

Kwa wasiojua: sisi Walutheri wa huku, asiye na hela analeta sadaka ya shambani, na baada ya ibada inanadiwa hapo nje. Mayai, maziwa, kuku. Mkungu wangu wa ndizi huwa unagombaniwa. Kuna wanaume wawili waliwahi kununiana kwa ajili yake mpaka Pasaka.

Kitabu kikazunguka mikononi mwa watu. Kikafika kwa jirani yangu Mama Zakaria, ambaye wiki ile ng'ombe wake alikuwa amezaa ndama mfu. Akaing'ang'ania picha moja. Usiku, mwezi, mimi napita juu ya bati la bluu. Bati la bluu kijiji kizima analo yeye peke yake.

Akaniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kuombea chumvi, "Bibi Upendo, hapa ulikuwa unatoka wapi?"

Nikamwambia huyo ni supahiro.

"Hilo jina la mjini. Sisi huku bibi anayeruka usiku tunamwitaje?"

Jibu kila mtu alikuwa nalo mdomoni.

Mzee wa kanisa akainua mkungu wangu, akauliza nani aanze. Akataja bei, akaishusha, akaishusha tena. Watu wazima, wengine niliwapokea mimi wakizaliwa, wote wanatazama viatu.

Nikaununua mwenyewe. Bodaboda nikaikataa. Nikajitwika kichwani, nikapita polepole mbele ya kila mlango, waone miguu yangu inagusa vumbi.

Jioni nikampigia Upendo. Akacheka, halafu akaacha. Nikamwambia huku kwetu bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni tu anasemwa, wewe umenipa na mabawa. Kitabu cha pili, bibi atembee.

Akasema, "Bibi, ukitembea hufiki. Kisanduku cha nne kitakukuta bado uko njiani."

"Mimi siruki. Ongezeni kurasa."

Wiki iliyofuata mwenye kampuni akaja mwenyewe, kaletwa na Upendo, miwani ya jua kaivaa utosini. Akakaa kwenye kigoda changu, akala ndizi zangu zilezile zilizokosa mnunuzi, huku akinifundisha shujaa wa Kiafrika anatakiwa aweje. Nisiporuka, hakuna kitabu cha pili. Upendo kainamisha kichwa. Ile kazi ndiyo ndoto yake, na mimi hilo nalijua.

Nikamuuliza yule bwana mama yake yuko wapi. Yuko kijijini kwao.

Nikasema, "Basi mchore yeye. Mpitishe usiku juu ya bati la jirani yake."

Akaacha kutafuna. "Mama yangu tena? Hapana."

Akaondoka bila kumaliza ndizi.

Mpaka leo Mama Zakaria ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Jumapili iliyopita mkungu wangu ulipata mtu mmoja, mchungaji, na nadhani alikuwa kazini.

Nilichojifunza: ukisikia umechorwa, kabla ya kufurahi uliza ni mchana au usiku.

Wenye bibi zenu, semeni: akichorwa yuko angani, majirani wa kwenu watanunua ndizi zake? Wa kutukana tukaneni kwa herufi kubwa, macho yangu hayaoni vizuri.

Upendo yuko hapa begani anasoma ninavyoandika. Anasema yule bwana kapiga simu, miguu kaikubali, ila anaomba niruke kidogo tu, ukurasa wa mwisho, tena mchana.

Mimi siruki. Ongezeni kurasa.