Simsimia Zinazolia Kama Paka

Babu yangu Bayumi hutengeneza simsimia, kinanda cha nyuzi ambacho bila yake harusi ya Port Said hainogi. Zamani kijana mmoja wa duka la intaneti alimfundisha kujijengea tovuti, kwa programu ambayo siku hizi hakuna anayeitaja. Kijana alihamia Kuwait. Programu ikabaki kwenye kompyuta moja nene kama jiko, na kichwani mwa Babu.

Miaka ya nyuma aligombana na Ami Shawadfi, fundi mwenzake, ambaye walikuwa wakipiga pamoja harusini tangu ujana. Wateja wa Ami walikuwa wameanza kuzidi wa Babu. Babu akaandika pembeni mwa kila ukurasa: "Jihadharini na simsimia za Shawadfi, zinalia kama paka." Watu wetu waliotawanyika ng'ambo walisoma wakacheka. Ami hakucheka. Tangu hapo, kila akimwona Babu, huvuka barabara kumkwepa.

Sasa, Alhamisi hii, Ami anamwoza binti yake. Kwenye sherehe ya siku ya saba ya kuzaliwa binti huyo, aliyepiga simsimia ni Babu. Kwa hiyo Babu alimtuma muuza chai apeleke salamu, naye akarudi na jibu.

"Anasema ulimtukana mbele za watu, kafute mbele za watu. Salamu baadaye."

Babu akakaa mbele ya kompyuta. Nikamwambia ziko programu mpya, unafuta mahali pamoja na kurasa zote zinafuata.

"Hizo hazinijui," alisema. "Na tusi niliandika ukurasa mmoja mmoja. Acha nilitoe vilevile."

Akafungua ukurasa, akafuta, akaandika, akahifadhi, akaenda mwingine. Programu ikiganda anaanza upya bila kunung'unika, yeye anayenung'unikia hata chumvi ya maharage. Mahali pa tusi aliweka: "Mimi Bayumi nilisema uongo kwa wivu. Simsimia za Shawadfi zinalia vizuri." Neno wivu alilifuta, akakaa, akalirudisha.

Adhuhuri kazi ilikwisha. Nikatazama kwenye simu yangu, kweli kurasa zote zimebadilika. Muuza chai akatumwa tena.

Aliyekuja ni Ami mwenyewe. Alisimama mlangoni, simu mkononi, viatu hakuvua.

"Bayumi, unanichezea uzeeni? Paka bado yumo humu."

Babu akatazama, uso ukamshuka. Tusi lilikuwa palepale. Mimi nilielewa: simu ikizoea ukurasa hujiwekea nakala, ikakuonyesha ile ya zamani. Maana yake Ami alikuwa akiufungua mara kwa mara. Hilo sikulisema.

"Ami, hiyo ni nakala ya zamani," nilisema. "Mpya iko kwenye mashine."

"Ingia uone," Babu akasema.

"Sikuja kukaa."

"Nani kakwambia ukae? Soma umesimama."

Ami akavua viatu. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasema fungua mwingine. Akasema fungua mwingine tena. Nilipoleta chai nilimkuta ameshakaa, sijui alikaa saa ngapi.

"Umekosea," akasema mwishoni.

"Nimekosea nini tena?"

"Tusi umelifuta lote. Atakayesoma atajuaje unaomba radhi ya nini? Lirudishe, liweke chini ya maneno yako. Waliocheka wajue walicheka uongo."

Babu akavuta kiti, akafungua tena ukurasa wa kwanza, na kuandika tusi lile kwa mara ya pili, polepole, Ami akiwa begani kwake akimsomea herufi. Alipobonyeza kuhifadhi, programu ikaganda.

"Kwa mwendo huu humalizi kabla ya Alhamisi," Ami akasema.

"Sasa nifanyeje?"

"Utamalizia Ijumaa. Alhamisi una harusi ya kupiga."

Babu aliendelea kubofya kipanya, ingawa skrini ilikuwa bado imeganda.