Komeo la Upande wa Kushoto

Juzi sokoni Ndhiwa nilisikia harufu ya limau na jivu. Mwanamke mmoja alikuwa akisugua sahani ya shaba ya mizani yake, nami nikasahau nilichokuja kununua.

Harufu hiyo niliijua nikiwa msichana wa miaka saba. Baba alikuwa amelazwa hospitalini Homa Bay, na mama alikuwa naye huko. Asubuhi moja dani, mama yake baba, alipigiwa simu. Alisikiliza, kisha akakata malimau, akachota jivu na kuniita tusugue shaba za mlango mkubwa.

Nilifurahi. Nilisugua kitasa na bawaba mpaka vidole vikaniwasha, kwani niliamini baba anarudi.

"Dani, anakuja leo?"

"Kesho," akasema bila kuniangalia.

Mlango ule ulikuwa wa vipande viwili, na cha kushoto sikuwahi kukiona kikifunguliwa. Komeo lake lilikuwa limeshika kutu ya kijani. Dani akapiga magoti na kuanza kulisugua.

"Hicho si huwa hakifunguliwi?" nikamwuliza.

"Kitafunguliwa."

"Lakini baba hupita upande huu tu."

Mkono wake ukasimama. Majirani walikuwa wameanza kuingia uani wakiwa na viti vichwani, na hakuna aliyenisalimia. Dani akanivuta karibu naye, akanipa kitambaa.

"Sugua, nyathina, mwanangu. Kesho wanaume sita watampitisha hapa, na watahitaji nafasi."

Niliendelea kusugua. Sikulia mpaka komeo lilipolegea na kile kipande cha mlango kikafunguka.