Haya Isiyo Ndiyo

Bi Mwasiti wa Ujiji ameanika dagaa kwa miaka ishirini na sita, na kwa minane kati ya hiyo amekuwa katibu wa kikundi cha wanawake katika mwalo mdogo wa kushushia samaki, usio mbali na Katonga. Aliishia darasa la saba. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaolitaja kila anapofungua mdomo. Nami niliyefika chuo kikuu sijapata kumwona msomi mwenye utaratibu kama wake.

Mwaka jana muhtasari wa kikao cha mwalo ulisema wanawake "wameafiki" nusu ya uwanja wao wa kuanikia igeuzwe maegesho ya boti. Hawakuafiki. Hata hivyo, kilichoandikwa kilishinda kilichosemwa, na nusu ile ikaenda. Bi Mwasiti akanunua kinasa sauti.

Katika kikao cha kwanza alikipakata kinasa hicho nyuma, kwenye mkeka wanakokaa wanawake. Kilinasa kikohozi cha jirani yake Yunisi. Viongozi walisikika kama watu walio ng'ambo ya ziwa. Basi akatafuta rimoti yake, kidude kinachoenea kiganjani, ili kifaa kikae mezani mbele naye akiongoze kutoka mkekani. Aliomba ruhusa hadharani, akapewa kwa kicheko.

"Rimoti? Kwani leo kuna mechi?" aliuliza Mwenyekiti Thobias.

"Ipo, Mwenyekiti. Na refa ndiye huyo hapo mezani."

Alikuwa mwadilifu kuliko waliomcheka. Mwenzao Melania alipoanza kueleza ugonjwa wa mumewe, Bi Mwasiti aliinua rimoti wote waione, akabonyeza, taa nyekundu ikazimika. Yalipokwisha ya nyumbani, akawasha.

Suala la nusu iliyobaki lililetwa kikao kimekwisha fungwa, watu wakikung'uta mikeka. Hiyo ndiyo hila yenyewe, na inanikera hadi leo. Katibu wa mwalo alikuwa amekwisha kukizima kifaa, na kati ya mkeka na meza palijaa migongo ya wanaume. Bi Mwasiti hakuhitaji kumwomba mtu ampishe.

"Nawasha tena, Mwenyekiti!"

"Washa tu. Nasema hivi: uwanja wote uwe wa boti. Sawa, akina mama?"

"Haaaya!" walijibu, wakilivuta neno hadi pumzi ikaisha, Yunisi akamalizia kwa msonyo.

Wiki iliyofuata katibu wa mwalo alisoma muhtasari: "Wanawake walisema haya, yaani wameafiki." Mtu yeyote wa hapa, awe Muha au Mmanyema, anajua kuwa haya fupi ni kukubali, na haya ndefu ni kusema: thubutu uone. Kalamu haina namna ya kuvuta neno. Bi Mwasiti akabonyeza kitufe cha kusikiliza, naye amekaa palepale. "Haaaya!" ikatoka mezani, msonyo ukaifuata.

Hata wanaume walicheka.

"Mama zangu, huo msonyo wa nani?" Thobias aliuliza.

"Wangu. Nikuongezee?" Yunisi akamjibu.

Mwenyekiti alijifuta uso, akamgeukia katibu. "Futa hapo. Andika wamekataa, uwanja unabaki wao."

"Na asome tukisikia," alisema Bi Mwasiti, taa nyekundu ikiwaka.

Katibu akaandika, akasoma. Akalazimika kusoma mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza alinong'ona.