Springi za Steinunn

Bondeni kwetu mtu anawajua kondoo wake kwa sura, kwa ukoo na kwa uzito, lakini uzito wake mwenyewe haujui na hataki kuujua. Ndiyo maana siku moja ya Julai watu wazima sita walisimama mbele ya mizani ya kondoo ya Steinunn, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Watano walikuwa wameitwa kunywa kahawa, wa sita alijileta mwenyewe. Hakuna aliyewaambia kwamba kahawa ile ilikuwa na kazi ndani yake.

Steinunn ana miaka sitini na mitatu, mkulima, mke wa Hjalti, na kwa vuli thelathini na saba mfululizo ndiye amekuwa akiendesha gari la jikoni. Mwezi wa Septemba wakusanyaji wanapopanda farasi kwenda kuwateremsha kondoo waliokaa milimani kiangazi kizima, yeye hutangulia na Landrova yake kwenye njia ya mawe, kutoka kibanda hadi kibanda, na masufuria, nyama, viazi na magunia ya chakula cha farasi. Watu ishirini wakiingia jioni wamelowa hadi kwenye mifupa, supu inachemka. Hajawahi kuchelewa hata mara moja, na hilo hulitaja yeye mwenyewe pale ambapo hakuna anayelitaja.

Zile siku sita anazipenda kuliko Krismasi. Ndizo siku pekee za mwaka ambazo hakuna mtu anayemuuliza soksi zake ziko wapi.

Lakini Landrova ile ni ya mwaka wa sabini na mbili, na springi zake zilikuwa zile za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, ngumu kama ubao. Kila jiwe la njiani lilipitia kwenye springi, likapanda kwenye kiti, likaishia mgongoni mwa Steinunn. Vuli iliyopita aliporudi, hakuweza kushuka. Jirani yake Oddný alimkumbatia akamtoa nje kama anavyotolewa ndama kwa ng'ombe, na wote wawili wakaapa kwamba hakuna aliyeona. Aliyeona ni Bergur.

Bergur ndiye mfalme wa mlima. Ndivyo tunavyomwita kiongozi wa wakusanyaji, na kwa siku sita neno lake ni sheria. Siku ya saba anarudi kuwa mtu wa kutumwa na mkewe kama wengine. Alikuja kwa Steinunn mwezi wa Aprili, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akasifu hali ya hewa isiyosifika, ndipo akasema alilolijia. Alifikiri mwaka huu jirani mwingine, Ívar, angechukua jikoni. Ívar ana gari jipya lenye viti vya kupasha moto.

"Ívar hajui hata chumvi inakaa wapi," Steinunn alisema.

"Ni mgongo wako, Steinunn."

"Mgongo wangu mzima. Springi ndizo mbovu."

Alisema tu kwa sababu ulimi ulikuwa karibu. Bergur akalishika neno lilelile.

"Basi zibadilishe. Lakini nikikuona umepinda tena huko juu, Ívar anachukua, na hatutalizungumza tena."

Basi hapo ndipo kazi ilipoanzia. Kondoo walipotoka kwenda milimani, banda lao likabaki tupu, na Steinunn akaiingiza Landrova humo, akaiinua kwa jeki na kuiweka juu ya magogo. Bolti zilikuwa zimeungana na kutu kuwa kitu kimoja. Alizimwagia mafuta siku tatu, akazipasha moto siku ya nne, na siku ya tano akachoka kuwa mpole akachukua grenda ya kukatia chuma. Mabapa yalianguka sakafuni kwa kishindo kikubwa, na mbwa hakuonekana hadi jioni.

Springi mpya zilikuwa za koili, zilizojiviringa, alizozitoa kwenye gari zito la mizigo lililokuwa likioza kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Kuzipata ilikuwa rahisi. Ugumu ni kwamba springi za mabapa zinafanya kazi mbili, zinabeba gari na wakati huohuo zinashika ekseli ya magurudumu isitangetange, ilhali koili inabeba tu, mengine haiyajui. Kwa hiyo Steinunn alilazimika kuchomelea vikalio vya koili kwenye chesisi, halafu mikono ya chuma ya kuishika ekseli isiende mbele wala nyuma, na mkono mwingine wa kuizuia isiende pembeni. Kuchomelea hakukumtisha. Amekuwa akiunga mashine za kukatia nyasi tangu akiwa msichana. Hata hivyo mara ya kwanza ekseli ilikaa upande kwa vidole viwili. Hjalti, aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya futi ya kupimia, alisema kwamba huenda barabara nayo imepinda. Steinunn alikata kila kitu akaanza upya, na siku mbili hakumsemesha.

Ilipofika kupima kimo, alihitaji mzigo. Alijua gari la jikoni hupanda na kilo mia nne na themanini, maana kila mwaka huandika. Lakini kondoo walikuwa mlimani, viazi ardhini, nyasi hazijakauka. Kitu kizito kilichokuwa karibu ni majirani.

Oddný ndiye aliyeingia kwanza kwenye mizani akiomba namba isisomwe kwa sauti. Steinunn aliisoma kwa sauti. Bergur hakualikwa, alikuwa amekuja kuchungulia kama mwenye nyumba anatembea wima, nao wakamsukumia ndani. Kijilango cha nyuma cha mizani kikakataa kufungika.

"Mia na kumi na nane," Steinunn alitangaza.

"Huyo mpelekeni kwenye maonyesho," alisema Oddný. "Madume wa hivyo hawapatikani tena."

Hata Bergur alicheka. Wote sita walifika kilo mia nne na themanini na mbili. Wakapangwa ndani ya Landrova, vikombe mkononi na chapati nyembamba za sukari mapajani, wakabishana juu ya mvua, huku Steinunn akitambaa chini ya gari na futi. Gari lilikaa sawa mbele na nyuma, kama maji kwenye beseni. Alilala palepale chini kwa dakika nzima akilitazama, na alifurahi sana.

Mkaguzi wa magari mjini aliangalia kila mshono wa kuchomelea na hakuona kosa. Mwishoni aliweka mikono miwili nyuma ya gari akalikandamiza kwa nguvu zake zote. Halikushuka hata kidogo.

"Ngumu hizi, mama," alisema. "Likiwa tupu litakurusha."

"Gari la jikoni haliendi tupu," Steinunn akamjibu, na yeye akagonga muhuri.

Naye Steinunn aliliamini neno hilo kwa moyo wote, na sisi wote tungeliamini. Wakati wa bibi zetu mpishi mmoja aliishiwa nyama siku ya nne, na hadi leo wajukuu zake wanaitwa watu wa sufuria nusu. Tangu hapo kila mpishi wa bonde hili anahesabu kwa kuogopa njaa. Mzigo wa kupanda tunaujua hadi kilo ya mwisho. Mzigo wa kushuka hakuna aliyewahi kuuhesabu.

Septemba wakapanda. Landrova iliteleza juu ya mawe kiasi kwamba kifuniko cha sufuria hakikulia. Steinunn aliimba kwenye usukani, jambo ambalo huwa halifanyi hata kanisani. Jioni ya kwanza Bergur alisimama mlangoni mwa kibanda akimtazama atakavyoshuka, naye akaruka chini kama msichana, akamuuliza kama amepoteza kitu.

Lakini watu ishirini wanakula, na farasi wao wanakula zaidi. Kila jioni gari lilipungua. Siku ya nne, walipogeuza kurudi, magunia yalikuwa yamelala bapa na masufuria yanagongana, na zile springi zilizopimwa kwa kilo mia nne na themanini hazikuwa na cha kubeba isipokuwa mwanamke mmoja na ndoo ya chumvi. Zikaanza kumrusha. Zilikuwa mbaya kuliko yale mabapa ya zamani, na hilo ndilo lililomuuma kuliko maumivu yenyewe. Kufikia mchana mguu wa kushoto ulikuwa unawaka moto kutoka kiunoni hadi kisiginoni.

Alisimama mtoni apakie mawe ya kuongeza uzito. Aliinua manne, halafu akalazimika kulala chali kwenye kuvumwani hadi anga ilipoacha kuzunguka. Jioni ya siku ya tano, akigawa soseji za damu, aliuliza kama kuna kondoo aliyechoka wa kupakiwa. Kila mtu akaangalia sahani yake. Alikuwa amemwona kwa macho yake kondoo mmoja akichechemea, na mwenye naye alikuwepo akitafuna. Lakini kwetu mtu akitoa kondoo wake apandishwe gari anataniwa hadi Pasaka, kwa hiyo hakuna kondoo anayechoka. Kila mwaka ni hivyohivyo.

Usiku ule Steinunn alilala kwa ubavu mmoja akijua kwamba kesho, mbele ya watu wa wilaya nzima kwenye zizi kubwa ambapo kondoo hugawanywa kwa wenyewe, hataweza kushuka garini wima. Alimwona Ívar kabisa kwenye viti vyake vya moto, akitafuta chumvi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Asubuhi wakusanyaji walitangulia na kundi. Steinunn alizunguka nyuma ya kibanda kumwaga maji ya vyombo, akamkuta Bergur yupo bado, peke yake na farasi wake. Bergur aliweka mguu kwenye kikuku, akajivuta, akashuka. Akajaribu tena, akashuka. Mara ya tatu hakufika hata katikati, akaegemeza paji la uso kwenye tandiko.

"Goti?" Steinunn aliuliza.

Bergur alishtuka. "Farasi ana wasiwasi leo."

"Farasi amesimama kama meza, Bergur."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawa wawili walikuwa wameanza kuumbuka wangali hai.  Jana mchana farasi aliteleza mtoni akamlalia Bergur mguu, naye hakumwambia mtu. Sasa alimtazama Steinunn, akaona ameshika ukuta wa kibanda, na ndoo iko chini mahali alipoiangusha.

"Na wewe mama, ukuta unaushikia nini?"

Steinunn aliona kwamba angeweza kunyamaza. Angeweza hata kupiga kelele kuwaita wengine waje wamwone mfalme wao, na mwaka mzima ungekuwa wake. Badala yake alisema kitu alichokuwa ameapa hatakisema.

"Gari ni jepesi. Linanirusha. Mgongo umekwisha, Bergur, sifiki nao." Akavuta pumzi. "Nahitaji kilo mia na kumi na nane juu ya ekseli ya nyuma."

Ilimchukua Bergur muda kukumbuka namba hiyo aliisikia wapi. Mfalme wa mlima hajawahi kuteremka kwa gari la jikoni tangu bonde lilipopata gari. Aliligusa goti lake, akalitazama gari, halafu akatembea kwa kuchechemea hadi mbele ya kibanda, akapiga mluzi wa kuwasimamisha wakusanyaji.

"Kondoo waliochoka waletwe," aliagiza. "Wote. Na asiwepo wa kuniambia hana, nina macho. Mimi nitakaa nao nyuma wasikanyagane."

Neno lake ni sheria, hivyo wakaletwa wanne, na mmoja alikuwa wa yule mtafunaji. Bergur akaketi juu ya magunia matupu, mguu umenyooka, kichwa cha kondoo jike kwenye mapaja yake, kamba ya farasi wake mkononi ikipita juu ya mlango wa nyuma. Landrova ikashuka kwenye koili zake ikatulia. Steinunn aliwasha injini, akaenda kwa mwendo wa farasi, na mawe yakarudi kuwa mawe ya njiani tu.

Hawakuongea sana. Mara moja Bergur alisema linakwenda vizuri. Mara moja Steinunn alimuuliza kama kondoo wanalalamika, akajibiwa wana adabu kuliko wakusanyaji.

Kabla ya kilima cha mwisho, ambacho ukikivuka watu wote zizini wanakuona, alisimamisha gari bila kuombwa. Akalirudisha nyuma taratibu hadi kwenye jiwe kubwa, ili Bergur atoke nyuma ya gari moja kwa moja akanyage jiwe, na kutoka jiweni apande farasi bila kujivuta. Alipanda. Alikaa akiirekebisha kofia yake kwa muda mrefu kuliko kofia ilivyohitaji. Steinunn alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili akingoja kusikia jina la Ívar.

"Zile za nyuma," Bergur alisema, "mwakani weka laini kidogo. Upime mzigo ukiwa umeshaliwa."

"Mwakani?"

"Baridi ni ndefu, Steinunn. Muda unao."

Akampiga farasi kwa kisigino cha mguu mzima, akavuka kilima akiwa wima kama mlingoti. Steinunn alihesabu hadi mia amwache atangulie. Halafu akafuta uso kwa kitambaa cha vyombo, akaachia breki, akateremka na kondoo wake wanne.