Gia Iliyogoma Segerea, Ndafu Akiwa Kiti cha Nyuma

Nilitoka nyumbani Mtoni Jumamosi saa saba na nusu mchana, na sababu ya safari ilikuwa mbuzi. Dada yangu Neema alikuwa na sendoff saa kumi na mbili jioni, na kwetu sie watu wa Moshi, sendoff bila ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanika tunayewakabidhi wakwe, ni kama binti hamjamuaga. Ndafu alikuwa anabanikwa Segerea. Baba mdogo akanipa gari lake la automatiki, ambalo hajawahi kumwachia mtu.

"Nenda, chukua, rudi," alisema. "Usinifanyie ubunifu."

Sasa mie ubunifu nilikuwa nimeshaufanya. Asubuhi, wakati naliosha, nilibandika utepe wa taa za rangi juu ya bampa ya nyuma, nyaya zake nikaziunga kwenye waya wa taa za breki, ili nikikanyaga breki zimetemete. Niliona gari la ndafu lisipite kama gari la mkaa. Ndoto yangu ni kuja kuendesha watalii mbugani, na kichwani nilishawapakia wanne wenye makofia.

Barabara ya Kilwa ilikuwa nyepesi. Kwenye mataa ya Tazara, watoto waliokuwa gari la nyuma walinipungia mikono, nikakanyaga breki mara tatu zaidi kwa ajili yao. Buguruni foleni, Tabata foleni, na mie namemeta tu. Baada ya lami kuisha Segerea, gari likaruka mashimo mawili matatu. Sikujali.

Saa tisa na nusu nikawa kwa Mama Glory. Yeye na mumewe, Baba Glory, ndio wabanikaji. Nikaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, nikazima, nikashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbuzi wenu yuko tayari, kapendeza kuliko bwana harusi."

Kweli alikuwa wa rangi ya dhahabu, kasimama kwenye sinia, majani mdomoni. Tukamweka kiti cha nyuma. Baba Glory akamfunga mkanda, akasema trafiki wa siku hizi hawana masihara.

Saa kumi kamili nikawasha. Injini ikaitika vizuri. Nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha gia, nikavuta. Haikutoka P. Nikavuta kwa mikono miwili. Kimya, kama imechomelewa.

Majirani hawakuulizwa. Walikuja wanaume sita wakaanza kusukuma, maana hapa mjini gari likikwama dawa ya kwanza ni kusukuma. Gari lililoko P halisukumiki. Lilitikisika tu, na ndafu akawa anatikisa kichwa kama anawakatalia.

"Acheni, mtanivunjia mbuzi," Mama Glory akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya gari, kajishika kiuno. "Wewe dereva, hivi hiyo breki unaikanyaga kweli?"

"Nimeikanyaga mama, mpaka mwisho."

"Mbona huku nyuma hakuna taa hata moja?"

Nikampigia baba mdogo, nikamweleza gia, nikamweleza taa.

"Umefanya nini kwenye gari langu?"

Ningeweza kusingizia mashimo. Lakini nilimkumbuka Neema, saa hizo yuko saluni, anaamini kaka yake yuko njiani. Nikasema yote, nyaya na utepe.

"Basi nyaya zako zimegusana, umeunguza fyuzi ya taa za breki," akasema. "Gia ya automatiki haitoki P mpaka ipate habari kwamba breki imekanyagwa, na habari hiyo inapita njia moja na taa."

"Haiwezekani kuitoa kwa nguvu, baba?"

"Kuna kifuniko kidogo pembeni ya gia, ukibonyeza kwa ndani inatoka. Lakini uje bila taa za breki, mtu akigonga nyuma yako utamwambia nini? Zima gari. Toa huo upuuzi wako wote. Chukua fyuzi ya redio, kama namba ni ileile, weka pale."

Nilibandua utepe wangu. Ncha za nyaya nikazifunga kwa tepu ya umeme. Nikahamisha fyuzi huku Baba Glory akinimulikia kwa simu chini ya usukani, nikawasha, nikakanyaga.

"Zimewaka," Mama Glory akasema. Gia ikashuka hadi D, ya kwenda mbele, kwa kidole kimoja.

Saa kumi na mbili na robo nikafika ukumbini Mtoni bila redio wala mbwembwe. Baba mdogo alikuwa getini. Alizunguka nyuma. "Kanyaga." Nikakanyaga. Akatazama. "Achia. Kanyaga tena." Halafu akafungua mlango, akamfungua ndafu mkanda. Vigelegele vikaanza ndani, na nikamwona Neema akinyoosha shingo kuangalia mlangoni, akamwona mbuzi, akacheka mpaka vipodozi vikachuruzika.

Nikampa baba mdogo ufunguo. Akaupimapima kiganjani, akanirudishia.

"Kesho alfajiri mama mkubwa anawahi basi stendi ya Mbezi Luis. Utampeleka wewe."

Safari hiyo ilinifundisha kwamba gari halidanganyiki, nalo halikasiriki ukilieleza ukweli. Na baba mdogo naye yuko hivyohivyo. Alfajiri, kabla hatujaondoka, nilimwomba mama mkubwa asimame kidogo nyuma ya gari na kitenge chake begani.

"Unataka niangalie nini?" akauliza.

"Taa, mama. Zinawaka?"

"Zinawaka zote," akasema. "Haya, twende."