Jedwali la Pili

Pale wizarani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Nukta, na jina hilo alilipata kihalali, maana kwa miaka ishirini na sita hakuna barua iliyotoka chumba cha wapiga chapa ikiwa imekosa nukta mahali pake. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, mawaziri ndio usiseme, yeye alibaki kwenye kiti kilekile chenye mto alioushona mwenyewe, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alianza na zile mashine za chuma zilizopiga kelele kama mvua juu ya bati, akaja kuhamia kwenye kompyuta. Vidole havikujua tofauti.

Sasa nikupe siri ya kazi ile. Mpiga chapa hodari hasomi. Ndiyo, hasomi! Macho yanachukua neno kwenye karatasi, vidole vinalitua, na akili iko nyumbani inawaza kama sabuni imekwisha. "Ukisoma utanogewa, ukinogewa utachelewa," ndivyo alivyowafundisha wasichana wapya. Kusoma kulikuwa na wakati wake. Karatasi yoyote ya kutiwa mhuri ilisomwa kwanza kwa sauti: mpiga chapa anasoma, mwenye barua anafuatilia nakala yake kwa kalamu, hata nukta na mkato vinatajwa. Ikishapita salama, mpiga chapa anaweka herufi zake mbili chini ya ukurasa, maana yake kazi hii ni yangu na nitaijibia.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake. Mdogo wake wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa hesabu, alikuwa amepangiwa kazi katika wilaya ya mpakani. Miaka thelathini na minne, lakini kwa dada yake alikuwa bado yule mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu mwaka baba yao alipofariki. Wenye bunduki walipoingia wilaya ile walichoma kituo cha polisi, wakafunga barabara, na asubuhi moja wakaizingira shule, wakaondoka na walimu sita na baadhi ya watoto. Tangu hapo kimya, mwezi wa kwanza mpaka wa tano. Dada mtu alikwenda polisi akaandikisha: mwalimu, miaka thelathini na minne, kovu la moto kwenye kiganja cha kulia, jino la mbele limevunjika.

Kila jioni alipofika nyumbani, mama alimwuliza swali lilelile.

"Umesikia neno?"

"Bado, mama."

"Haya. Mimi silii mtu ambaye sijaambiwa amekufa."

Na kweli, yule bibi hakutoa hata chozi. Majirani wakija na nyuso za msiba aliwatimua mlangoni: "Nani amewaambia hapa pana matanga? Rudini kwenu!"

Serikali nayo ilihangaika mpaka ikaishiwa. Kwanza walisema hao ni wahuni wachache tu. Kisha wakasema hali imedhibitiwa, tulieni. Maji yalipofika shingoni ndipo wakakubali kupiga hodi kwa majirani na kwa wakubwa wa dunia: tuleteeni helikopta, tuleteeni askari, tuleteeni dawa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema tarishi wao mzee akigawa bahasha vyumbani. "Ila mwenyeji mwenyewe kangoja mpaka yu hoi ndiyo anaita." Watu wakacheka, kisha wakakumbuka, wakaacha.

Siku ya ujumbe kusafiri kwenda kuomba msaada huo, Mkurugenzi aliingia chumba cha wapiga chapa saa moja asubuhi. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Wiki nzima alikuwa hajalala vizuri, na shati lake lilionyesha hivyo. Mkononi alikuwa na barua ya maombi pamoja na rundo la karatasi zilizoandikwa kwa kalamu, kwa sababu minara ya simu ya wilaya ile ilikuwa imeteketezwa.

"Dada, ndege ni saa kumi. Hizi ni orodha za polisi, ndizo kiambatisho cha barua. Majina usiweke, tusije tukaziponza familia. Weka kazi, umri na alama."

"Naona ni orodha mbili, mkuu. Waliouawa, na waliopotea."

"Ziunganishe. Jedwali moja, kichwa chake Waliouawa. Wageni hawaelewi kupotea. Wataanza maswali, kikao kitaisha hivihivi. Wakiona watu mia tatu na kumi, wataamka."

Mama Nukta akasema sawa. Je, hakujua mdogo wake yumo mle? Ukimwuliza leo atakwambia kuna kitu kilimchoma kifuani akakisukuma kando, kwamba kazi kwanza, ndege haimngoji mtu. Mimi namwamini. Akavaa miwani, akaviachia vidole, vikafanya vilivyozoea.

Saa sita mchana walikaa kusoma, yeye na Mkurugenzi, karatasi katikati yao. Barua ikapita bila doa. Jedwali likaanza. Mkulima, mwanamke, mkato, miaka hamsini, nukta. Polisi, mwanamume, mkato, miaka ishirini na miwili, nukta. Mstari kwa mstari, sauti yake haipandi wala haishuki.

"Mia mbili sabini na moja. Mwalimu, mwanamume, mkato, miaka thelathini na minne, mkato, kovu la moto kwenye kiganja cha kulia, mkato, jino la..."

Sauti ikakatika. Kovu lile alilijua kuliko alivyoyajua ya mwili wake. Yeye ndiye aliyeisahau sufuria ya moto sakafuni, mtoto akaja akaishika.

"Mbele limevunjika, nukta," Mkurugenzi akamsaidia, kalamu ikiwa juu ya mstari. "Endelea, dada."

"Mkuu, huyu hajafa."

"Nani kasema?"

"Na wewe nani kakwambia amekufa? Huyu ni mdogo wangu. Nimemuua mwenyewe leo asubuhi, kwa vidole hivi, na wala sikuhisi kitu!"

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole, na alisema kweli kama alivyoijua, "Pole sana, dada. Lakini barua ikiwa nyepesi hatupati helikopta. Na helikopta hizohizo ndizo zitakazomtafuta."

"Zimtafute nani? Nani atatuma helikopta kumtafuta mtu ambaye barua yetu wenyewe inasema ameshauawa? Tukiwamaliza hawa mia moja na wanne hapa mezani, wageni watatuletea sanda. Waambie wako msituni wanangoja, uone kama hawatakimbia."

"Naweza kumpa mwingine achape."

"Mpe. Herufi zangu siweki. Mama yangu ataniuliza jioni, nimjibu nini?"

Mkurugenzi akatazama saa ya ukutani. Akazitazama tena zile karatasi za kalamu, safari hii moja moja, kama mtu anayezisoma kwa mara ya kwanza.

"Utachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu."

"Nakupa saa moja."

Dada mtu akaligawa lile jedwali, akawaacha waliouawa kwenye la kwanza, akaanza la pili: Waliopotea, Wanaotafutwa. Na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mama Nukta alichapa huku akisoma. Mpishi wa shule. Dereva wa gari la dawa. Binti wa miaka tisa mwenye hereni moja. Machozi yalimtoka waziwazi na hakuyafuta, mikono haikuwa na nafasi. Ilimchukua saa moja na dakika kumi na mbili, na tarishi mzee akaikimbiza bahasha mpaka kwenye gari kwa miguu ambayo siku nyingine zote alidai inauma.

Wiki tatu baadaye helikopta nne zilikuja, za nchi mbili, na kila rubani alikuwa na nakala ya jedwali la pili. Zilizunguka misitu ya wilaya ile siku tisa. Watu thelathini na saba wakatolewa hai. Mpishi alitolewa. Yule binti wa hereni moja alitolewa, amekonda lakini anaongea. Walimu walitoka wawili kati ya sita.

Hao walimu wawili ndio waliosimulia kuhusu mwenzao. Homa ilimkamata mwezi wa pili wa kutekwa, hapakuwa na dawa, akafa siku ya nne. Wenzake walimzika wenyewe karibu na kijito. Siku ile dada yake aliposema huyu hajafa, alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Taarifa mpya ilipotakiwa kupelekwa kwa wageni, Mkurugenzi aliileta karatasi kwa mkono wake, akasimama mlangoni. Hakumkumbusha neno lolote la siku ile.

"Nimpe mwingine achape, dada?"

"Hapana, mkuu. Kwanza nilimwandika bila kumwangalia. Leo nitamwangalia."

Akamtoa jedwali la pili, akamwandika kwenye la kwanza. Wakasoma kwa sauti kama utaratibu ulivyo. Kiganja cha kulia, mkato, jino la mbele limevunjika, nukta. Hakusita. Akaweka herufi zake mbili chini ya ukurasa, akaomba ruhusa, akachukua mkoba wake.

Mama alikuwa uani akianua nguo. Alipomwona binti yake anaingia saa saba mchana, mikono ilisimama kwenye kamba.

"Umesikia neno," akasema, na safari hii hakuwa anauliza.

"Nimesikia, mama."

"Una hakika?"

"Nimemwandika mwenyewe. Nimesoma."

Yule bibi akaikunja ile nguo taratibu, pembe kwa pembe, akaiweka kwenye beseni, akakaa chini palepale. "Basi njoo hapa, mwanangu," akasema. "Tumlie sasa."

Wakamlia kwa sauti, kilio cha miezi yote ile. Majirani wakasikia, wakaanza kuja mmoja mmoja, wakasita kwanza mlangoni kwa kukumbuka walivyokaripiwa. Wakaingia, na safari hii hakutimuliwa mtu.