Rungu Linalorudi kwa Mwenyewe

Jumamosi, tarehe tisa. Mawingu tangu asubuhi, upepo wa ziwani unapeperusha pumba mtaani, mvua imegoma.

Naandika hasira bado ninayo, na aibu nayo ipo, tena kubwa, maana leo mtaa mzima wa Bweri umeniona mimi, baba wa watoto watatu, nikidai kwa kelele kitu ambacho hakipo duniani.

Jumamosi tunachezaga watu watatu kwenye kibaraza jirani na mashine ya kusaga: mimi, shemeji yangu Magesa (kaka wa mke wangu, anatokea Bunda), na Neema wa Butiama, ambaye ndiye msimulizi. Ni mchezo wa kusimuliana, kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni kwenye karatasi, ukitaka kupigana unarusha dadu. Wangu anaitwa Wambura. Nimemlea miaka miwili, na sheria yetu ni moja, akifa amekufa, karatasi inachanwa. Silaha yake ni rungu la uchawi, nililibuni mimi na kadi yake niliandika kwa mkono wangu (niliishia darasa la saba, lakini mwandiko unasomeka): "Likirushwa linampiga adui, halafu linarudi kwa mwenyewe."

Leo tulikuwa tunapigana na joka la ziwani. Magesa akasema, "Shemeji, niazime rungu, mtu wangu ana shabaha kuliko wako." Ni kweli anayo, siwezi kumnyima haki yake. Nikamwazima. Kosa lenyewe ndilo hilo. Akarusha, akalipiga joka jicho, nikanyoosha mkono nichukue kadi yangu, yeye akaikalia!

"Limerudi kwangu. Mwenyewe ni aliyelirusha."

"Mwenyewe ni mwenye mali!"

"Si ungeandika mwenye mali, shemeji?"

Huku joka linamgeukia Wambura, hana hata fimbo. Mashine inanguruma, bila kupiga kelele hamsikilizani, nikapandisha sauti, naye akapandisha, nikasimama, na hapo hapo umeme ukakatika, mashine kimya, sauti yangu ikabaki peke yake: "UTANIUA MAGESA, NIRUDISHIE RUNGU LANGU!"

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja akatupa ndoo yake ya mahindi. "Jamani, wanauana!" Mwenyekiti wa mtaa alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, akaja (nisimsingizie, alikuja kwa nia njema), akatuketisha, akauliza rungu la nani, nani kaazima. Ningesema ukweli hapo yangeisha. Lakini nilimwona ananisikiliza kwa heshima, nikataka kushinda, nikaeleza kesi yote bila kutaja kwamba ni mchezo. Neema alinikanyaga mguu, nikauondoa.

Mwenyekiti akafikiri. "Ng'ombe wako ukimweka kwa rafiki yako kule kijijini Guta, jioni akitoka malishoni anarudi wapi?"

"Kwa rafiki, mwenyekiti."

"Na ng'ombe ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi ni wako, ila analala kwake. Rungu lilale kwa Magesa." Watu wakaitikia, sawa kabisa. "Haya, lileteni tulione."

Nikatazama chini. Magesa akajiinua kidogo, akachomoa kadi chini ya makalio, akampa. Mwenyekiti akaigeuza mbele na nyuma.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mwenyekiti."

Mama wa ndoo ndiye aliyeanza. "Mnagombania karatasi! Na mindevu yote hiyo!" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Umeme haukurudi, kwa hiyo hawakuwa na pa kwenda, wakabaki kututazama tukimalizia. Nilirusha dadu mbele yao, nikapata moja. Wambura akaliwa. Neema alichana karatasi taratibu, kama anaogopa kuniumiza. Magesa akarusha rungu, langu, akaliua joka, wakampigia makofi, mwenyekiti akiwemo.

Nimemkasirikia Magesa, nimemkasirikia mwenyekiti, nimeukasirikia hata umeme. Lakini nikipima kwa haki, aliyeandika lile neno ni mimi na aliyeficha ukweli ni mimi, na hilo ndilo linaniunguza zaidi, maana sina wa kumfokea. Naapa, "mwenyewe" siliandiki tena kwenye kadi yoyote, nitaandika jina la mtu na la baba yake.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na dagaa. Magesa alikula kwetu, ni shemeji, humfukuzi. Mke wangu alimpakulia kwanza, halafu akamwongeza.